Kola ya Namba Tisa

Kazi ya Shangazi ilikuwa haifumuki. Suruali iliyopita kwenye cherehani yake ilichakaa magotini, ikapauka, ikaishia kuwa tambara la kupigia deki, na bado mshono wake wa ubavuni ulikuwa umeshikana kama siku ulipotoka chini ya sindano. Watu wa mtaa ule walimjua kwa jambo hilo kabla ya kumjua kwa jingine lolote, na yeye, ingawa hakuwa mtu wa kujisifu, alipenda kuwaona wateja wakivuta kitambaa kwa vidole viwili, wakitikisa kichwa, kisha wakiondoka bila kusema kitu.

Jina la Shangazi alipewa na mtoto mmoja, likachukuliwa na mtaa mzima. Kaka yake na mkewe walifariki wakiacha mwana mdogo, naye akamlea katika kile chumba cha mbele kilichokuwa kiwanda, sebule na jiko kwa pamoja. Mtoto alikaa chini ya cherehani, karibu na kanyagio, akimpa bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi, zilizojaa na kupokea zilizokwisha. Alikuwa mfupi, wa mviringo, asiyetulia mahali pamoja, basi akaitwa Bobini, na alipofika chuo kikuu kusomea upimaji wa ardhi jina lilimfuata hadi darasani.

Baraza lao walilishiriki na fundi viatu, mzee mjane aliyekaa upande wa pili wa mlango akigonga soli na kupiga soga.

"Shangazi, wewe utatuua njaa," alizoea kusema.

"Nimekunyima nini tena?"

"Mteja akishona kwako harudi. Mimi natia gundi kidogo, halafu namwombea mvua."

"Ndiyo maana viatu vyako vinacheka mdomo wazi."

"Vina furaha hivyo. Vimetoka kwa fundi mcheshi."

Mashindano ya raga baina ya vyuo vikuu yalianza mvua zilipokwisha. Bobini alikuwa amechaguliwa kuvaa namba tisa, nafasi ya yule mchezaji mdogo anayeuchokoa mpira miguuni mwa majitu yaliyokumbatiana na kuutoa nje kabla hayajamwangukia. Siku ya mechi ya kwanza alirudi nyumbani na jezi iliyopasuka kutoka shingoni hadi kiunoni, mkono mmoja wa jezi akiwa ameubeba ndani ya mfuko. Alikuwa akicheka tangu barabarani.

"Mgongo wote nje, Shangazi! Nimekimbia kama kuku aliyenyonyolewa. Mashabiki wao wakaniimbia."

"Wamekuimbia nini?"

"Kwamba kwetu hakuna fundi."

Aliyasema kwa mzaha, na huenda aliyatunga njiani. Shangazi hakucheka. Aliichukua ile jezi, akaigeuza ndani nje, akautazama mshono wa kiwandani, uzi mmoja mwembamba uliopitishwa kwa haraka, naye akahisi uso wake ukipata moto kana kwamba wimbo ule ulikuwa bado unaimbwa mlangoni.

"Kesho niletee zote," alisema.

Zililetwa na nahodha wa timu, kijana mkubwa kiasi kwamba aliinama kupita mlangoni, tena mpole, aliyesema "shikamoo" kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja vyombo. Shangazi alizifumua jezi zile moja baada ya nyingine. Alizishona upya kwa uzi wa nailoni unaotumika kwenye mikoba ya safari, akapita mara mbili kila mahali, na ndani ya kola akalaza utepe wa turubai kutoka bega hadi bega. Ile ya namba tisa aliishona mwisho, mkono wake ukiwa umekwisha kuizoea kazi, na utepe wake aliukunja mara mbili. Kisha akamkabidhi nahodha alipokuja kuzichukua.

"Vuta hapa."

"Nitaiharibu, Shangazi."

"Vuta, mwanangu. Usinionee haya."

Nahodha alishika kola kwa mikono miwili akavuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mshono haukulia hata kidogo. Aliirudisha akihema.

"Hii si jezi," alisema. "Hii ni hatamu."

Wote wakacheka, na fundi viatu akacheka kuliko wote kutoka upande wake wa baraza.

Basi msimu ukawanyookea. Timu ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ya kukamilisha idadi tu ikaanza kushinda. Vyuo vyenye viwanja vya nyasi laini na mabasi yao wenyewe vilikuja na kurudi vimenuna. Jezi zilirudi kwa Shangazi zikiwa na matope, damu na rangi ya chokaa ya mistari ya uwanja, lakini hazikurudi zimechanika. Nahodha alikuja kuzichukua akisema kuwa wapinzani sasa waliuliza wao hushonewa wapi. Maneno hayo Shangazi aliyapokea akiwa ameinamia kazi, ili asionekane anavyoyafurahia.

Ndipo akakata shauri kwenda kutazama. Hakuwahi kuuona mchezo wenyewe. Alivaa gauni lake la samawati, fundi viatu akavaa viatu vya mteja ambaye hakuwa amekuja kuvichukua, wakasimama pamoja nyuma ya kamba. Mwanzoni hakuelewa lolote. Aliona miili inagongana, inaanguka, inainuka, na katikati yake mtoto wake mfupi akifoka na kuwaelekeza kwa kidole watu waliomzidi urefu kwa kichwa kizima, nao wakimtii.

"Anawagombeza!" alisema kwa mshangao.

"Amejifunza kwako," fundi viatu alimjibu.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, Bobini aliuchukua mpira kutoka miguuni mwa wenzake, akafanya kana kwamba anautoa kushoto, kisha akakimbia nao mwenyewe. Nafasi ilikuwa wazi mbele yake. Mchezaji mmoja wa upande wa pili, mrefu, aliyekuwa amekwisha kupitwa, alinyoosha mkono kutoka nyuma kama mtu anayetapatapa majini, na vidole vyake vikanasa kwenye kola. Nguo nyingine yoyote ingemwachia kipande cha kitambaa. Shangazi aliuona utepe ukikaza, akauona mshono wa bega ukipokea uzito wote wa kijana yule mrefu, na kabla hajajua kuwa anasema, alisema kwa sauti:

"Umeshika!"

Miguu ya Bobini iliendelea kwenda mbele, na shingo yake ikabaki nyuma. Alizungushwa hewani akaangukia kisogo, na yule aliyemvuta akaanguka juu yake. Filimbi ikalia. Fundi viatu aligeuka akamtazama Shangazi, lakini si kwa lawama. Alimtazama kama mtu aliyesikia neno, akaona afadhali asingelisikia.

Hospitalini walikuwa wameikaza shingo ya Bobini kwa mifuko midogo ya mchanga. Muuguzi alitaka kuikata jezi ili wamtazame, lakini mkasi wake ulipofika kwenye kola uliteleza. Alijaribu tena, na mara ya tatu akakasirika.

"Hii nguo kashona nani? Inakwenda vitani?"

"Nimeshona mimi," Shangazi alisema kutoka mlangoni.

Muuguzi alimtazama, hasira ikamtoka. "Basi njoo, mama. Lakini usimtikise."

Shangazi alikuwa na mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ule anaouvaa shingoni kwa utepe kila siku hata anapotoka kwenda matembezini. Alijua uzi ulikoanzia na ulikofungiwa. Aliingiza ncha chini ya mshono wa kwanza, akaukata, akaingia wa pili, akaukata, polepole, akizuia pumzi, akiifumua kwa mkono wake kazi ambayo mkono wa nahodha ulishindwa kuifumua. Bobini alikuwa macho. Alitazama dari.

"Shangazi, usiikate," alinong'ona. "Ni mali ya chuo."

"Nitashona nyingine."

"Miguu yangu mmeiweka wapi?"

Daktari alisema wangoje uvimbe wa uti wa mgongo ushuke. Uvimbe ulishuka. Mikono ilirudi kwa kiasi, kuanzia begani hadi kwenye kifundo, vidole vikabaki vizito kama vya mtu aliyeshikwa na baridi. Miguu haikurudi.

Hakuna aliyemlaumu Shangazi. Kocha alikuja akasema ule ulikuwa mchezo mchafu. Nahodha alikuja na wachezaji wenzake, wakajaza wodi, wakakosa pa kuiweka mikono yao mikubwa. Walisimulia kwamba yule kijana mrefu alitolewa kwa kadi nyekundu, akakaa kando ya uwanja akilia, kichwa katikati ya magoti. Shangazi alingoja mmoja wao aitaje kola. Kila aliyefungua mdomo akafunga bila kuitaja alimwachia mzigo uleule. Laiti wangemuuliza, angekiri. Lakini hakuulizwa, naye hakuwa mwepesi wa kuzungumza yaliyo moyoni.

Bobini alipoletwa nyumbani, kiti chake cha magurudumu kiliwekwa kati ya meza ya kukatia na ubao wa pasi, karibu na mahali pale alipokaa utotoni. Vyombo vyake vya upimaji, alivyoazimwa na chuo, vilirudishwa, maana kazi ile ni ya kutembea. Shangazi alimwogesha, alimgeuza ubavu, alimlisha, alimkausha katikati ya vidole vya miguu kama muuguzi alivyomfundisha. Yote aliyafanya kwa ukamilifu wa fundi, ila hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye pindo la shuka, kwenye kijiko, kwenye kifungo cha shati.

"Leo umependeza, Shangazi," Bobini alimwambia siku moja, akimchokoza.

"Inua mkono nikuvue shati."

"Nimesema umependeza."

"Nimesikia. Inua mkono."

Akauinua. Baada ya hapo mzaha wake ukapungua, kisha ukakoma.

Fundi viatu aliona yote kutoka barazani. Siku moja aliacha nyundo akaja kusimama mlangoni.

"Shangazi, neno lile ulilosema uwanjani..."

"Nenda kagonge viatu vyako, ndugu yangu."

"Nilitaka kusema tu kwamba mimi sikulisikia."

"Ulilisikia."

Mzee akainamisha kichwa, akarudi kwenye nyundo yake.

Timu haikusimama. Iliendelea kushinda, safari hii kwa hasira, na wakaingia fainali. Nahodha alikuja na jora la kitambaa kipya begani, akainama mlangoni, akamsalimu Bobini bila kumkaribia sana.

"Shangazi, chuo kimetupa kitambaa. Tunataka tuingie fainali tumevaa kazi yako. Tunacheza kwa ajili ya huyu." Alimwonyesha Bobini kwa kidevu. "Zishone kama zile. Zisichanike."

"Namba tisa atavaa nani?"

"Yuko mmoja wa mwaka wa kwanza. Mfupi, kama..."

"Mwambie apite nimpime."

Alipita kesho yake. Shangazi alimzungushia futi shingoni, na alipogusa kile kifundo cha mfupa chini ya kisogo, mkono wake ulisita. Kijana akadhani amesogea vibaya, akaomba radhi.

Kuanzia siku hiyo Bobini alisikiliza. Mtu aliyelelewa chini ya cherehani huujua mlio wake. Mshono mfupi hunguruma kama nyuki ndani ya chupa. Mshono mrefu hugonga mmoja mmoja. Siku Shangazi alipoanza kola ilikuwa mchana wenye jua, mlango wazi, fundi viatu akisinzia nje, na cherehani haikunguruma. Iligonga pigo mojamoja kama mtu anayebisha hodi.

"Shangazi. Hiyo unashona au unapiga bandi?" Alimaanisha ule mshono wa kushikiza tu, unaowekwa nguo ikingoja kushonwa kweli, kisha ukang'olewa.

Mguu wa Shangazi ulikuwa umesimama kwenye kanyagio.

"Na huo ni uzi wa pamba. Kwenye kola? Hiyo itaachia mtu akiigusa."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Watakucheka."

"Na wacheke."

"Shangazi, mimi nakuuliza vizuri. Kwa nini?"

Akiwa ameielekea cherehani bado, alimwambia. Alimwambia habari ya uzi wa mikoba, ya utepe, ya jinsi utepe wa jezi yake alivyoukunja mara mbili kuliko wa wenzake kwa sababu alikuwa mtoto wake. Akafika kwenye lile neno. Hapo akalisema kwa mnong'ono, "Nikasema umeshika. Wewe shingo inavunjika, mimi nafurahia mshono."

Sauti ya Bobini ilipotoka ilikuwa ya hasira.

"Kwa hiyo ni hilo?"

"Ndilo hilo."

"Siku zote hizi hunitazami. Unanilisha ukitazama kijiko. Mimi nikadhani umechoka nami. Nikadhani hii miguu inakutia kinyaa. Nimelala hapa nikiomba nife, Shangazi, ili upate nafasi ya kuweka meza yako."

Shangazi aligeuka. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wodini, akaona kwamba amekonda, kwamba ndevu zimeota mahali ambapo alimnyoa bila kutazama, kwamba machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta vizuri kwa vile vidole. Akainuka akayafuta kwa kitambaa kilichokuwa mkononi, ambacho kilikuwa kola ya namba tisa.

"Sijui kama ni kosa lako," Bobini alisema baadaye. "Usinilazimishe niseme si kosa lako. Sijui."

"Sikulazimishi."

"Nipe hiyo."

Alimpa. Vidole havikuweza kushika, basi akapitisha kifundo cha mkono ndani ya kola kama mtu anayevaa bangili, na Shangazi akashika upande wa pili. Bobini akauachia mkono wake uanguke kwa uzito wake. Uzi ukakatika, ta, ta, ta, na kola ikabaki ikining'inia mkononi mwake.

"Imefumuka," alisema.

"Imefumuka."

"Basi shona hivyohivyo. Na mabega pia."

Hawakwenda kwenye fainali. Fundi viatu ndiye aliyewakilisha baraza, akarudi jua likiwa bado juu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na utani. Timu ilikuwa imefungwa. Kola zilikuwa zimebaki mikononi mwa wapinzani moja baada ya nyingine, na jezi zimefunguka mabegani. Watu walikuwa wamecheka mpaka wakakaa chini, na kuna walioimba.

"Wameimba nini?" Shangazi aliuliza.

Mzee alitazama viatu vyake. "Unajua walichoimba."

Nahodha alifika baada yake, bado na matope magotini, amebeba mfuko wa jezi. Safari hii hakusema shikamoo.

"Shangazi, umetuaibisha. Namba nne amecheza kifua wazi. Kocha anasema tumepeleka kazi kwa mtu aliyezeeka. Nimekutetea mwaka mzima, Shangazi!"

"Namba tisa yuko wapi?"

"Nini?"

"Yule mfupi wa mwaka wa kwanza. Alikamatwa?"

"Alikamatwa kola, mara mbili. Ikatoka, akakimbia. Ndiye aliyefunga lile bao moja tulilopata." Nahodha alipangusa uso. "Lakini hilo si..."

"Amekwenda mwenyewe hadi kwenye basi?"

"Amekwenda mwenyewe, kwa nini asiende? Yuko huko analia kwa kufungwa. Mbona unaniuliza mambo ya..."

"Mwambie, Shangazi," Bobini alisema kutoka kwenye kiti.

Akamwambia. Safari hii habari ilikuwa fupi, maana alikwisha kuyasema mara moja. Nahodha alisikiliza akiwa amesimama, kichwa kimegusa kizingiti cha juu. Ilipofika kwenye kola ya zamani, alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyoivuta kwa nguvu zote akasema ni hatamu. Akafungua mdomo.

"Raga ni raga, Shangazi. Angekamatwa kiunoni angeanguka vilevile."

"Huenda."

"Mimi ndiye niliyesema zisichanike."

"Ulisema mara ya pili. Mara ya kwanza nilizishona mwenyewe, bila kuambiwa."

Nahodha alimkaribia Bobini, akapiga magoti yale yenye matope kwenye sakafu, akaweka paji la uso kwenye mkono wa kiti, akabaki hivyo. Bobini aliinua mkono wake mzito, akauweka juu ya kichwa cha nahodha. Fundi viatu akatoka nje, akaanza kugonga kiatu kisichohitaji kugongwa.

Alipoinuka, nahodha alikwenda hadi mlangoni. Mfuko wa jezi ulikuwa bado sakafuni.

"Msimu ujao uko karibu," alisema akiwatazama watu wa barabarani. "Utazitengeneza?"

"Wakikuruhusu kuzileta kwangu."

"Nitawaambia. Sijui kama watasikia."

Akaondoka, bila kusema zishonwe kwa uzi gani. Shangazi aliufungua mfuko, akatoa ile ya juu. Ilikuwa namba tisa, bila kola, nyuzi za pamba zikining'inia shingoni. Aliilaza mezani, akasogeza kiti cha Bobini hadi pale mkono wake ungefika kuzuia kitambaa kisiteleze, akamtazama usoni, kisha akakaa kwenye cherehani na kuitafuta bobini ya pamba.